Kambi ya mabeleshi
Mazungumzo ya redio juu ya amani na ujenzi wa vijiji

 

Leo tuanze na neno moja: kambi. Ukilisikia, unaona nini? Mama ataona turubai linalovuja mvua na msururu wa mitungi kwenye bomba la maji. Kijana ataona mahali pa askari, mahali ambapo wenzake walipelekwa wakarudi na bunduki, au hawakurudi. Mzee atakumbuka kambi za kampuni za migodi. Katika nchi yetu neno hili halina utamu.

Lakini ipo kambi ya namna nyingine. Watu huiingia kwa hiari yao. Wanatoka nchi mbalimbali, hawana bunduki, hawalipwi mshahara. Wanafanya kazi ya mikono kwa faida ya kijiji kisicho chao, wanakula na kulala pamoja, kisha kila mmoja anarudi kwao. Kambi hiyo ina historia ya zaidi ya miaka 100, na ilizaliwa mahali palipoharibiwa na vita.

Nitawaeleza kwa nini nimechagua habari hii. Siku moja nilikuwa katika mafunzo pamoja na familia zilizokimbia vita na familia zilizozipokea. Nilisema kwamba siku ya kurudi, vijana wa vilima viwili vilivyopigana wangeweza kujenga nyumba pamoja. Mama mmoja, wa umri wa mama yangu mzazi, akainua mkono. Akasema: «Mwalimu, mwanangu, aliyenichomea nyumba ndiye atakuja kunijengea? Nami nitapata usingizi humo ndani?» Watu walinyamaza. Nami nilinyamaza. Nilisoma sheria iniversite miaka mitano, lakini siku ile sikuwa na jibu. Nililitafuta katika historia, na leo namrudishia mama huyo nilichokipata.

Kijiji cha Esnes

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wafaransa na Wajerumani walipigana karibu na mji wa Verdun, mashariki mwa Ufaransa, tangu Februari hadi Desemba. Inakadiriwa kwamba askari karibu 300,000 wa pande zote mbili walikufa hapo. Mwaka huohuo babu zetu walikuwa wakibeba mizigo ya Force Publique, jeshi la Wabelgiji, kupita milima na mabonde mpaka Tabora, mji ambao jeshi hilo liliuteka Septemba 1916. Wengi hawakurudi. Kwa hiyo vita ile haikuwa ya Wazungu peke yao. Moto wake ulifika mpaka kwetu.

Vijiji vya kandokando ya Verdun vilivunjwa kabisa. Serikali ya Ufaransa ilitamka kwamba vijiji 9 vimekufa kwa ajili ya taifa. Mashamba yalijaa mashimo ya mizinga, na mabomu mengi yalibaki ardhini bila kupasuka. Hata leo bado yanaonekana. Kijiji cha Esnes kilikuwa chini ya kilima ambacho askari walikiita kwa namba tu, Kilima 304, mahali palipopigwa mizinga mchana na usiku. Vita ilikwisha tarehe 11 Novemba 1918. Wenyeji walipoanza kurudi, walikuta mawe.

Ninyi mliowahi kurudi kuangalia nyumba zenu mnaelewa jambo hilo kuliko mimi.

Mtu aliyetafuta kazi badala ya bunduki

Katika nchi ya Uswisi alikuwako mtu aitwaye Pierre Cérésole, aliyezaliwa mwaka 1879. Alikuwa enjinia. Baba yake alikuwa ameongoza nchi ya Uswisi kama rais mwaka 1873. Mtoto wa mkubwa, basi, aliyeweza kukaa nyumbani akastarehe. Lakini wakati wa vita alikataa kulipa kodi ya jeshi, akafungwa. Hakusema kwamba utumishi kwa nchi ni mbaya. Alisema kwamba kama nchi inaweza kumwomba kijana miezi ya maisha yake ili ajifunze kuua, inaweza pia kumwomba miezi hiyo ili ajenge.

Mwaka 1919 na 1920 watu wa dini na wa amani kutoka nchi zilizopigana walikutana katika mji wa Bilthoven, Uholanzi. Walizungumza sana juu ya upatanisho. Katika mkutano wa mwaka 1920 sauti ya Kijerumani ilisikika, ikisema kwamba wako Wajerumani walio tayari kwenda Ufaransa kujenga tena kile ambacho watu wa nchi yao walibomoa. Cérésole alilishika neno hilo. Yeye na Mwingereza mmoja, Hubert Parris, walitafuta kijiji kinachoweza kuwapokea. Ndipo walipofika Esnes.

Novemba 1920 kikundi kidogo kilianza kazi. Walikuwamo Waswisi, Mwingereza, Wajerumani na wengine. Ndugu yake Cérésole, Ernest, alikuwamo pia, naye alikuwa kanali wa jeshi la Uswisi. Tazameni jambo hili: mtu aliyefungwa kwa ajili ya kulikataa jeshi, na kanali wa jeshi, wanashika mabeleshi katika udongo mmoja. Hawakungoja kwanza wapatane juu ya kila jambo.

Ilikuwa majira ya baridi kali. Walijenga nyumba za mbao ili familia zipate pa kujisitiri, waliondoa vifusi, walifukia mashimo ya mizinga mashambani, walitengeneza barabara. Hawakulipwa. Jioni walikaa pamoja, kila mmoja na lugha yake, wakajifunza majina ya vitu vya mwenzao: mkate, msumari, mvua.

Kazi iliposimama

Sasa nawaambia sehemu ambayo wengi huiruka. Kazi ya Esnes haikufika mwisho wake. Kuwapo kwa Wajerumani kulileta upinzani. Wako waliosema: hawa ndio waliotuua, leo wanatembea katikati ya makaburi yetu wakiwa na beleshi? Wakubwa wa serikali nao hawakufurahi. Baada ya miezi mitano hivi, Aprili 1921, kikundi kiliondoka. Nyumba zilizokwisha kujengwa zilibaki, nao wakaenda.

Je, tuseme walishindwa? Mimi nasema hapana, lakini tusifiche pia. Moyo mwema wa mgeni hautoshi. Mwenye kidonda ndiye anayesema lini kiguswe na ni nani akiguse. Watu wa Esnes hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wafiwa. Mfiwa halazimishwi kusamehe kwa sababu mgeni ameleta misumari.

Maji hayana kabila

Cérésole na wenzake walifanya nini baadaye? Walianza upya, mahali ambapo hapakuwa na wa kulaumiwa. Mwaka 1924, katika milima ya Uswisi, theluji iliporomoka ikafunika kijiji cha Vers-l'Église, kama vile udongo unavyoporomoka kwetu. Wakaenda kuondoa mawe na miti. Septemba 1927 mto Rhine ulivunja kingo zake ukafunika mashamba ya nchi ndogo ya Liechtenstein, iliyo kati ya Uswisi na Austria. Mwaka 1928 zaidi ya watu 700 kutoka nchi nyingi walikwenda huko kwa zamu, wakaondoa mchanga na kokoto mpaka udongo wa kulima ukaonekana tena. Kikundi kidogo cha Esnes kilikuwa sasa chama kikubwa, nacho mpaka leo kinaitwa kwa Kifaransa Service Civil International. Neno lake la kuwaongoza ni fupi: matendo, si maneno.

Nasi tunayo mafuriko yetu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulibeba nyumba mjini Uvira. Mei 2023, katika Kalehe, maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Maji hayakuuliza mtu ni wa kabila gani. Basi kama vijana wa pande mbili bado wanaogopana, wasianze na nyumba iliyochomwa. Waanze na daraja lililochukuliwa na mto, na chemchemi iliyozibwa na udongo. Mkono ukishazoea kufanya kazi karibu na mkono mwingine, neno gumu linaweza kufuata.

Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi liliharibu jimbo la Bihar, nchini India, na watu zaidi ya 10,000 walikufa huko na katika Nepal. Cérésole alikwenda na wenzake wachache, wakasaidia wenyeji kujenga vijiji vipya. Wakati ule India ilikuwa ikitawaliwa na Waingereza, na katika kundi hilo alikuwamo Mwingereza pia, anabeba udongo pamoja na Wahindi. Sisi tuliotawaliwa tunajua maana yake. Katika miaka hiyohiyo hapa Kongo Mzungu alisimama na kofia yake, na mwenyeji ndiye aliyebeba.

Cérésole alikufa Oktoba 1945, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imekwisha tu. Mwaka 1948 vyama vya namna hii viliundiwa kamati yao ya pamoja chini ya UNESCO, mjini Paris. Wafaransa na Wajerumani, waliokuwa wamepigana tena, walitia sahihi mkataba wa urafiki mwaka 1963, na mwaka huohuo wakaunda ofisi ya kuwakutanisha vijana wao. Tarehe 22 Septemba 1984 rais wa Ufaransa, Mitterrand, na kiongozi wa Ujerumani, Kohl, walisimama Verdun, mbele ya mifupa ya wafu, wakashikana mikono. Dunia nzima iliona picha ile. Lakini hesabu miaka: wakubwa walishikana mikono mwaka 1984, watu wadogo walikuwa wameshika mabeleshi mwaka 1920, kilomita chache kutoka hapo.

Hii si salongo

Najua mzee fulani anasema sasa: «Kazi ya bure ya pamoja? Tunaijua. Ni salongo.» Mzee wangu, una haki ya kuuliza. Tangu mwaka 1917 Wabelgiji walimlazimisha mwanakijiji kulima mazao waliyoyataka wao, siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Aliyekataa alipata faini au gereza. Kisha katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, ikaja salongo. Kwa maneno ilikuwa kazi ya kupendeza nchi. Kwa matendo, aliyekosa aliadhibiwa, na kuna mahali ambapo shamba lililolimwa lilikuwa la mkubwa.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 16, inakataza kazi ya kulazimishwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 juu ya jambo hilo unakubali kazi ndogondogo za kijiji kwa faida ya kijiji chenyewe, lakini unataka wanakijiji au wajumbe wao waulizwe kwanza kama kazi hiyo inahitajika. Basi tofauti ni hii. Salongo inaanza na amri. Kambi ya hiari inaanza na swali. Shefu akiigeuza kambi kuwa amri, ameiua siku ya kwanza.

Kambi inavyoendeshwa

Kwa kawaida kambi huwa na watu 10 hadi 20, kwa muda wa wiki mbili au tatu. Kijiji kinatoa mahali pa kulala, kinaonyesha kazi, na kinaweka vijana wake wafanye pamoja na wageni. Kazi huwa ya watu wote: darasa, kisima, njia, miti ya kuzuia mmomonyoko. Kupika ni kwa zamu, na hapo ndipo watu wanapofahamiana, maana Mjerumani anayepika ugali kwa mara ya kwanza atahitaji msaada na atachekwa kidogo. Katika kambi za zamani wanawake waliwekwa jikoni na kwenye kufua. Siku hizi wote hupika, wote huchimba. Jioni ni wakati wa nyimbo, wa kueleza habari za kwao, na wa kuulizana maswali ambayo mchana hayaulizwi.

Kijana anayetaka kwenda kambi ya nchi nyingine huandikishwa na chama cha nchi yake, na chama hicho hupeleka jina lake kwa chama cha nchi inayopokea. Nauli kwa kawaida ni yake mwenyewe. Huko ni kugumu kwa kijana wetu, maana pasipoti ni ghali na viza za Ulaya mara nyingi zinakataliwa. Lakini Ulaya si mlango pekee. Kenya, chama cha KVDA, na Tanzania, chama cha UVIKIUTA, vimepokea vijana wa mataifa mengi, na huko Kiswahili chako kitakutosha.

Kama mwanasheria nakuonya jambo moja. Kambi ya hiari haikuahidi mshahara, wala makazi ya Ulaya, wala kazi baadaye. Mtu akikuambia: toa dola mia tatu, nitakupeleka kambini na utabaki huko, huyo ni mwizi. Na mtu akikuita kambini porini bila wazazi wako kujua, usiulize mara mbili. Kimbia.

Jibu kwa mama

Sasa namrudia mama yangu wa siku ile. Mama, jibu langu lina sehemu tatu.

Kwanza, kambi haifuti kosa. Aliyechoma nyumba yako ana kesi, na beleshi halimwondoi mbele ya sheria. Usikubali mtu akuambie: wamekuja kujenga, basi nyamaza.

Pili, kifungu cha 17 cha Katiba kinasema kwamba kosa la jinai ni la mtu aliyelitenda, na hakuna anayehukumiwa kwa tendo la mwingine. Watu wale wa Esnes walikuja na mzigo wa jina la nchi yao. Kosa la kila mmoja halikujulikana. Kijana wa kilima cha pili aliyekuwa na miaka sita nyumba yako ilipoungua hakuichoma. Lakini akikua bila kukuona uso, akisikia tu habari zako kwa watu wanaokuchukia, kesho anaweza kuchoma nyingine. Tunamwita aje kujenga ili akujue.

Tatu, mlango ni wako. Ukisema bado, ni bado. Kijiji kinaweza kuanza na daraja, nyumba yako ikangoja. Ukimruhusu alete tofali moja tu na aliache nje ya ua, hilo pia ni mwanzo. Nikikudai zaidi ya hapo, nitakuwa sijajifunza kitu kwa watu wa Esnes.

Kwa mashefu na viongozi wa kamati

1. Ulizeni kwanza waliofiwa na waliokimbia, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Msiwaulize wenye nyumba nzuri tu.

2. Chagueni kazi inayofaidia pande zote mbili, na iwe ya kumalizika. Daraja lililoachwa nusu hugeuka ushahidi wa chuki.

3. Mahali palipopigwa mabomu, msimweke kijana na jembe kabla ya watu wanaojua kazi hiyo kupakagua.

4. Fedha na vifaa viandikwe mbele ya wote, mpaka misumari. Ugomvi wa mfuko mmoja wa saruji unaweza kuvunja amani ya mwaka mzima.

5. Familia zilizo katika mahema ziwe na sauti katika mpango, wala zisiambiwe kwamba kambi ya kazi ni sharti la kurudi nyumbani. Kurudi ni kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Hiyo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1998.

Maswali ya kuzungumza baada ya kusikiliza

Je, katika kijiji chetu ni uharibifu gani ambao hauna mtu wa kulaumiwa, tunaoweza kuutengeneza pamoja?

Nani hajaulizwa bado?

Ni kazi gani tulilazimishwa zamani, na kumbukumbu hiyo inatuzuia nini leo?

Ungekuwa mtu wa Esnes mwaka 1920, ungewafungulia?

Ndugu zangu, wazee wetu wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole havikutani kwa nguvu. Swali la mwisho ni gumu, wala sidai kwamba jibu la kila nyumba lifanane. Lizungumzeni polepole, na yule atakayesema hapana asikilizwe mpaka mwisho.

Mungu awalinde ninyi mlio njiani.